Ukumbi ni mzuri, sasa viwanja vya pembeni ni vya nani?

Kila mji uliochoka ukianza kutafuta dawa siku hizi utasikia wazo lilelile, jengeni ukumbi mkubwa wa sanaa, watu watakuja usiku, migahawa itafunguliwa, taa zitawaka na bei za viwanja zitapanda. Sipingi, maana kuna sehemu imetokea kweli. Ila hapo kwenye bei za viwanja kupanda ndo watu wanapita haraka kama vile ni habari njema kwa kila mtu, na mi naona hapo ndo pa kukaa, kwasababu ukumbi wenyewe mara nyingi hauna hela, unaishi kwa kuchangiwa, hela ya maana inakuja kwenye ardhi inayouzunguka, na aliyeishika hiyo ardhi kabla ya shoo ya kwanza ndo anayekula.

Mfano wangu ni Newark, New Jersey, mji ambao Waswahili wengi waliopita Marekani wanaujua kwa uwanja wa ndege tu, unashuka, unapanda treni, huyo New York. Oktoba 1997 pale katikati ya mji ulifunguliwa ukumbi unaoitwa New Jersey Performing Arts Center, wenyewe wanaufupisha NJPAC. Gharama ilizidi dola milioni 180, ukumbi mkubwa una viti zaidi ya 2,700, mdogo una mia tano na kidogo. Mwezi huohuo kule Hispania likafunguliwa jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao ambalo dunia nzima inalitaja kila ikizungumzia kufufua miji, na Newark ikabaki habari ya watu wa New Jersey. Mi naona Newark ina mafunzo mengi zaidi, hasa kwetu, maana Bilbao ilikuwa na matatizo ya viwanda kufa lakini Newark ilikuwa na matatizo ya viwanda kufa, ubaguzi, na serikali ambayo watu wake walikuwa hawaiamini hata chembe.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 Newark ilikuwa na watu karibu 439,000. Mwaka 2000 walikuwa wamebaki 273,000 na ushee. Wazungu walikimbilia vitongoji vya nje, viwanda vikafuata, mapato ya mji yakaporomoka. Julai 1967 polisi walimkamata dereva teksi mweusi na kumpiga, mji ukalipuka, siku chache baadae watu 26 walikuwa wamekufa. Kila mtu anakumbuka dereva teksi, ila kulikuwa na ishu nyingine iliyokuwa inachemka miezi kadhaa kabla, nayo ilikuwa ya ardhi. Serikali ilitaka kuchukua ekari 150 hivi kwenye mtaa wa watu weusi ili ijenge chuo cha udaktari na hospitali, na maelfu ya watu wangehamishwa. Yani kwa mkaazi wa Newark wa wakati ule, ukimwambia "tunaufanya upya mji" alikuwa anaelewa bomoabomoa, na hakuwa amekosea. Baada ya vurugu serikali ilikaa mezani na wananchi na eneo likapunguzwa mpaka chini ya ekari 60. Iliwezekana kumbe.

Sasa kuna sehemu ya hii stori ambayo msomaji wa Kiswahili anatakiwa aijue na sijui kwanini haisimuliwi sana huku kwetu. Baada ya 1967 mtu aliyekuwa anaongoza harakati za weusi Newark alikuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia, Amiri Baraka, mzaliwa wa hapohapo, enzi hizo akiitwa Imamu Amiri Baraka. Alikuwa na kikundi cha maigizo, shule ya watoto, na vijana wake walikuwa wanasalimiana na kupeana majina kwa Kiswahili kuliko hata baadhi yetu tunaolelewa Dar. Mwaka 1970 walipiga kampeni ya nguvu na Newark ikapata meya wake wa kwanza mweusi, Kenneth Gibson. Na mwaka 1974 Baraka alikuja Dar es Salaam kwenye Kongamano la Sita la Waafrika wote, pale Mlimani.

Huyu mtu wa sanaa, alipopata upenyo wa kujenga, hakuanza na ukumbi. Alianza na nyumba. Mradi uliitwa Kawaida Towers, jengo la ghorofa 16 lenye fleti 210 za watu wa kipato cha chini na cha kati, na ndani ya hilohilo jengo kulikuwa na mpango wa ukumbi wa maigizo wa umma na sehemu ya kulelea watoto. Hela ya mkopo wa jimbo ilipatikana, msingi ukaanza kuchimbwa mwaka 1972. Tatizo lilikuwa kiwanja, kilikuwa North Ward, mtaa wa Wataliano, na mwanasiasa mmoja wa kule, Anthony Imperiale, akaongoza watu kusimama getini, mafundi wa vyama vya wafanyakazi wakakataa kupita, kesi zikafunguliwa, kelele kila siku, mpaka mradi ukafa na lile shimo likafukiwa. Ghorofa lenye jina la Kiswahili, na jukwaa ndani yake, halikuwahi kusimama.

Nimekaa hapo kwa makusudi, maana ukiangalia NJPAC bila kuangalia lile shimo utaona kama vile Newark haikuwa na wazo lolote la sanaa na ujenzi mpaka matajiri walipokuja nalo. Wazo lilikuwepo miaka 25 kabla. Tofauti ni nani alikuwa na uwezo wa kushika kiwanja bila kufukuzwa.

Wazo la NJPAC lilitoka juu, kwa gavana Thomas Kean wa Republican, katikati ya miaka ya 1980. Wengi walicheka, nani atatoka kwenye kitongoji chake kizuri aende Newark usiku kusikiliza simfoni? Akaingia tajiri Raymond Chambers, mtoto wa Newark aliyetengeneza hela zake kwenye kununua na kuuza makampuni, akachangia na kuchangisha, na Prudential, kampuni ya bima iliyozaliwa Newark mwaka 1875, nayo ikatoa, jimbo likaweka mabilioni kwa hesabu ya shilingi zetu. Mwaka 1989 wakamchukua Lawrence Goldman aongoze, na huyu jamaa alikuwa ametoka Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki wa New York, ambako alishughulika na mambo ya majengo. Hiyo sivi yake ni muhimu sana. Hawakutafuta kondakta wala mcheza balei, walitafuta mtu anayejua ardhi.

Na walifanya jambo ambalo kwa mtazamo wangu ndo lililouokoa ule mradi wote: waliwachukulia watu wa Newark kama wateja wenye hela na wenye ladha. Huu ni mji wa Sarah Vaughan, aliyeanzia kwaya ya kanisa la Mount Zion Baptist kabla dunia haijamjua, ni mji aliozaliwa Whitney Houston na akaimba kwenye kanisa la New Hope Baptist, ni mji wenye WBGO, redio ya jazi inayosikilizwa mpaka nje ya Marekani. Kwahiyo ukumbi ukaweka simfoni ya New Jersey, sawa, lakini ukaweka na injili, jazi, dansi ya Alvin Ailey, wanamuziki wa Kireno kwa ajili ya Wareno na Wabrazili wa mtaa wa Ironbound, na mafunzo ya watoto wa shule. Kuanzia 2012 kuna tamasha la jazi lenye jina la James Moody, na ndani yake mashindano ya waimbaji yenye jina la Sarah Vaughan. Ukikaa mle ndani utaona sura mchanganyiko kuliko kumbi nyingi za aina hiyo Marekani. Ukumbi unaojengwa ili kuvuta watalii wa mbali peke yake ukikosa watalii umekwisha, huu ulikuwa na watu wanaoweza kufika kwa miguu.

Haya, mji ukafufuka? Hapa ndo ngoja tupunguze spidi.

Miaka ya mwanzo watu wengi walikuwa wanakuja na magari, wanapaki kwenye maegesho ya chini ya bustani ya Military Park, wanaangalia shoo, wanatoka, wanaingia barabara kuu, saa nne usiku mtaa umerudi kimya. Mgahawa mmoja ulikuwa ndani ya ukumbi wenyewe, maana yake hata hela ya chakula ilikuwa haitoki nje ya geti. Treni ndogo ya mjini ilipata kituo pembeni ya ukumbi mwaka 2006, miaka tisa baada ya ufunguzi. Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja wa ndani wa Prudential Center kwa ajili ya magongo ya barafu na matamasha. Panasonic ikaja 2013, ila ilitoka Secaucus, hapohapo jirani, na ilipewa msamaha wa kodi uliozidi dola milioni 100. Jengo la zamani la duka la Hahne's lililokaa tupu miongo mitatu likafunguliwa 2017 likiwa na fleti na duka la vyakula la Whole Foods. Sasa mwanasiasa akisimama akakwambia haya yote yameletwa na ukumbi, muulize ile misamaha ya kodi ililetwa na nani, violini?

Mi siwezi kusema ukumbi haukuchangia. Nadhani mchango wake mkubwa ulikuwa wa kisaikolojia, uliwazoesha watu wa nje kuwa unaweza kwenda Newark usiku ukarudi salama, na bila hiyo hakuna benki ingekopesha mtu ajenge fleti pale. Lakini angalia muda. Ghorofa la kwanza la makazi mbele ya ukumbi, One Theater Square, ghorofa 22 zenye fleti 245, lilifunguliwa 2018. Miaka 21! Lilikuwa kwenye ndoto za Goldman tangu mapema, likapigwa na mdororo wa uchumi wa 2008, likapunguzwa urefu, likangoja. Mtu aliyekuwa na miaka 40 siku ya ufunguzi wa ukumbi alikuwa na 61 ghorofa linapata wapangaji. Hakuna kampeni ya uchaguzi ya duniani inayoweza kuahidi kitu cha miaka 21, ndo maana wanaahidi miaka mitano na wanaleta picha za kompyuta zenye miti mingi.

Na nani aliweza kungoja miaka 21? Mwenye ardhi. NJPAC ilikuwa imeshika viwanja vinavyoizunguka tangu mwanzo, ekari kadhaa, vingi vikiwa ni maegesho tu. Siku bei ilipopanda, faida ilikuwa na mahali pa kurudi, yani kwenye taasisi ya sanaa yenyewe, ndo maana sasahivi wanaendelea kujenga mtaa mzima pale na fleti nyingine zaidi ya 300. Hapo nawapa maua yao. Tiketi peke yake hailishi ukumbi wa aina ile popote pale, lazima uwe na wafadhili au uwe na kodi ya pango inayoingia.

Ila mwenye kibanda cha kinyozi mitaa mitatu kutoka pale hakuwa na ekari. Kama robo tatu ya kaya za Newark ni wapangaji, kwahiyo mji ukipendeza, wao wanaupendezesha kwa kulipa zaidi. Mwaka 2017 chini ya meya Ras Baraka, ndiyo, mtoto wa yule mshairi, mji ulipitisha sheria kwamba anayejenga mradi mkubwa wa makazi, kuanzia nyumba 30 na kuendelea, lazima asilimia 20 ziwe za bei nafuu. Sheria nzuri, lakini imekuja miaka 20 baada ya pazia la kwanza kufunguka, na hiyo "bei nafuu" inapigwa kwa wastani wa kipato wa eneo pana ambalo ndani yake kuna vitongoji vya matajiri, kwahiyo mama wa Newark anaweza kukuta nyumba nafuu bado haimfai. Hili la kukokotoa wastani linaonekana la kiufundi, la kuboa, na ndo humo humo watu wanapopigwa.

Kuna na habari ya Symphony Hall. Newark ilikuwa na ukumbi mkubwa tayari! Uko Broad Street, ulifunguliwa 1925, ni mali ya mji, mwimbaji Marian Anderson aliimba pale. Badala ya kuukarabati huo, hela na macho ya watu vikahamia kwenye ukumbi mpya, na ule wa zamani ukaachwa miaka na miaka unavuja na kuhangaika, juzijuzi tu ndo jitihada za maana za kuutengeneza zimeanza. Najua wataalamu wa sauti watasema majengo ya zamani ni gharama kuyaboresha. Sawa. Lakini ule uko kwenye upande wa mji ambao wakubwa hawakuwa na viwanja vya kupandisha bei, nadhani na hilo lilichangia, sina haja ya kuwa mnafiki.

Ukitaka kuona hali mbaya zaidi nenda ng'ambo ya mto Hudson, New York, kwenye kituo cha sanaa cha Lincoln Center. Pale kulikuwa na mtaa unaitwa San Juan Hill, wa weusi na watu wa Puerto Rico, mpiga piano wa jazi Thelonious Monk alikulia hapo. Robert Moses, bosi wa ujenzi na bomoabomoa wa New York enzi hizo, akautangaza kuwa mtaa wa uchafu, sheria ya makazi ya 1949 ikamruhusu kuchukua viwanja na serikali kuu ikalipa theluthi mbili ya hasara ya kuviuza kwa bei ya kutupa, familia zaidi ya 7,000 na biashara kama 800 zikaondolewa, Rais Eisenhower akaja 1959 kuchimba mchanga wa kwanza. Ukumbi wa kwanza ulifunguliwa 1962, nyumba ya opera 1966. Kwa kipimo cha bei za ardhi ni mafanikio makubwa, upande ule wa Manhattan leo hukamatiki. Kwa mtu wa San Juan Hill ni mji wake kufufuliwa yeye akiwa ameshazikwa kwingine. Mwaka 2022 walipofungua upya ukumbi wa simfoni baada ya ukarabati wa dola milioni 550, waliagiza muziki mpya wa kuukumbuka ule mtaa. Muziki mzuri. Nyumba hazikurudi.

Na Bilbao basi, ambayo kila mtu anaitaja? Watu wanakumbuka lile jengo linalong'aa tu. Hawataji kwamba mwaka 1992 serikali kuu na serikali za Kibaski ziliunda kampuni moja, Bilbao Ría 2000, nusu kwa nusu, ikakabidhiwa ardhi za reli na bandari zilizokufa pembeni ya mto, ikaziendeleza, ikauza viwanja, na faida ikairudisha kwenye reli, barabara na bustani za mji. Metro ilikuwa imefunguliwa tangu 1995 na mto ulikuwa unasafishwa miaka mingi. Makumbusho ilikuwa tangazo la kazi iliyokuwa inaendelea chini kwa chini. Miji mingine ikanunua tangazo ikasahau kazi.

Huku kwetu nako tusijidanganye kuwa mambo haya ni ya wenzetu. Zanzibar haikujenga ukumbi wowote mpya, ilichukua Ngome Kongwe na kuweka humo tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, kila Februari hoteli zinajaa, na ZIFF, tamasha la filamu, ilikuwa imetangulia tangu 1998. Ni ufufuaji wa mji kwa gharama ndogo kabisa na nausifia kila nikipata nafasi. Ila angalia Mji Mkongwe nyumba ngapi zimekuwa hoteli, na angalia chuo cha muziki cha DCMA, ambacho kinafundisha vijana taarab na ngoma ambazo ndo wageni wanazifuata, mwaka 2019 kilitangaza hadharani kuwa kinaweza kufunga kwa kukosa hela. Mwenye hoteli anauza usiku wa taarab, mwalimu wa udi hana mshahara. Kodi ya kitanda inaingia, ila hakuna mrija unaopeleka senti kwa anayewapigia wageni muziki.

Kigali nao walijenga arena yao ya watu 10,000 mwaka 2019, kwa miezi michache tu, na mwaka 2025 pembeni yake pakafunguliwa Zaria Court ya Masai Ujiri, yule bosi wa mpira wa kikapu, yenye hoteli na viwanja vya mpira wa kikapu. Wanakwenda haraka kuliko Newark, sio siri. Na Dar, shoo nyingi kubwa za ndani zimekuwa zikipigwa Mlimani City, ukumbi ulio ndani ya mol, juu ya ardhi ya Chuo Kikuu iliyopangishwa kwa mwekezaji. Kwa wazo ile ndo hali ninayoitaka, umma unabaki na hati na mwekezaji analipa pango, ila wabunge walishauhoji ule mkataba kuwa chuo kinapata kidogo, maana yake hata ukibaki na hati unaweza ukapigwa kwenye vipengele.

Kwahiyo siku tukiitwa kwenye uzinduzi wa ukumbi wa sanaa wa kisasa, Dar au Dodoma au Mwanza, na najua siku hiyo inakuja, mi sitaki kwanza kuona mchoro wa jengo. Nataka ramani ya viwanja vyote ndani ya kilomita moja, kila kiwanja na jina la mmiliki, na tarehe aliyokinunua, hasa vile vilivyonunuliwa miezi sita kabla ya tangazo. Halafu nataka kujua mama lishe aliyepo pale leo ataondolewa na mgambo wiki ya ufunguzi au atapewa fremu yenye mkataba wa miaka kumi kwa bei iliyoandikwa. Na nataka kujua pango la fremu zote za pembeni linaingia akaunti ya nani, ya taasisi ya ukumbi, ya halmashauri, au ya mtu ambaye hatutaonyeshwa.